Rangi za maji: zikutane zenyewe

Anayeanza rangi za maji hulaumu brashi, lakini mara nyingi tatizo ni kiasi cha maji na muda wa kuyagusa.

Chukua karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ibandike kwenye ubao kwa tepu ya karatasi pande zote nne. Karatasi nyepesi hujikunja, maji yakatuama kwenye mabonde na rangi ikafuata huko huko. Koroga manjano na bluu, kila moja peke yake, kwenye sahani nyeupe kabla ya kulowesha chochote, kwani ukishaanza hupati nafasi ya kurudi. Zikoleze kuliko unavyotaka: karatasi ina maji yake, na rangi ikikauka hupauka.

Sasa ilowanishe karatasi kwa maji safi, kisha inama uitazame kwa ubavu kuelekea dirishani. Maji yakiwa bado yanatembea, ni mapema mno. Subiri yatulie, ibaki inang'aa kidogo tu. Weka manjano upande mmoja, bluu upande wa pili, acha kama sentimita 1 katikati. Inua ubao kidogo huku na huku, zikutane zenyewe. Hapo ndipo mkono huwasha kutaka kusawazisha, na kila unapopitisha brashi tena unaacha mchirizi.

Mng'ao ukishapotea lakini karatasi bado ni ya baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, usiongeze kitu. Brashi yenye maji mengi kuliko karatasi husukuma chembe za rangi pembeni, likabaki doa lenye kingo zilizochanika kama koliflawa. Iache ikauke kabisa, ndipo uilowanishe upya. Feni izimwe, maana hukausha upande mmoja kabla ya mwingine.

Kijani kikitoka kimefubaa, angalia msimbo kwenye tyubu, yaani herufi na namba zinazotaja chembe za rangi zilizomo; usitegemee jina. Majina ya rangi hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Bluu ya ultramarini (PB29) ina wekundu ndani yake, na wekundu huo unazima kijani hata ukitumia manjano ya limau (PY3). Kinafaa majani ya mwembe yaliyokomaa. Kwa jani changa la mgomba tumia bluu yenye PB15, kidogo sana, ukiiongeza kwenye manjano na si kinyume chake, kwa sababu ina nguvu na itameza sahani nzima.

Na weka vikombe viwili vya maji: kimoja cha kusuuzia brashi, kingine cha kuchotea maji safi.