Nimepitia Mulago kwanza, ndo nikafika Bukoba

Miaka 17 Uingereza jamani, na safari hii nikaamua nishukie Entebbe badala ya Dar, maana sisi watu wa Bukoba Kampala ndo jirani yetu, unapanda basi unavuka Mutukula, unapita Kyaka, umefika. Kabla sijapanda ndege mama akanipigia, akasema mwanangu usipite Kampala bila kufika Mulago, ile hospitali wanayofundishia madaktari wa Makerere, ukapaone pale baba yako alipokuwa anapataja kila siku.

Marehemu baba alikuwa dresa, kazi yake vidonda na sindano, na daktari aliyemfundisha kazi alisomea Makerere, kwa hiyo kwetu hilo jina lilitajwa kwa heshima kama jina la mkwe. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

Basi nikapanda boda mpaka Mulago. Hospitali ilianza 1913, aliyeianzisha ni yule daktari mmisionari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, na mwaka 1924 wakaanza kufundisha udaktari hapo chini ya Makerere. Vijana wetu wa leo wengi hawajui kwamba mpaka 1963, Dar ilipofungua chuo chake cha udaktari, Afrika Mashariki nzima shule ilikuwa hiyo moja tu. Mtanganyika, Mkenya, Mzanzibari, wote walipanda kilima hicho hicho. Mi ni nesi na nilisomeshwa historia ya hospitali za London mpaka basi, ila hii yetu hakuna aliyenisomesha zaidi ya baba na chupa yake ya spiriti mkononi.

Daktari ambaye baba alimpenda kuliko wote ni Dk. Vedasto Kyaruzi, Mhaya mwenzetu. Alitoka Makerere daktari kamili, 1950 akawa rais wa TAA (Tanganyika African Association), chama kilichokuja kuzaa TANU, wakoloni wakaona huyu anatusumbua wakamtoa Dar wakampeleka Kingolwira, Morogoro, kwenye hospitali ya gereza, halafu wakamsogeza mpaka Nzega huko. Baba akifika hapo kwenye Nzega lazima anyamaze kidogo.

Af kuna Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, 1959, hapo hapo. Nilisimama nje ya jengo nawaangalia wadada wa koti jeupe wanatoka darasani wanacheka, wengi tu, nikamuwaza yeye mwaka ule, darasa zima wanaume.

Ila aliyenitoa machozi ni Dk. Matthew Lukwiya. Kijana wa Kitgum, alimaliza Makerere akaenda kufanya kazi hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, kipindi cha vita, waasi walipokuja kuchukua masista akajitoa yeye wamchukue badala yao. Mwaka 2000 alikuwa Kampala anasoma masta ya afya ya jamii Makerere, wakampigia simu kwamba manesi wanafunzi wanakufa na haieleweki ni nini, akaacha masomo akarudi. Ilikuwa Ebola. Aliwapigania wagonjwa na manesi wake wiki nane hivi, nayo ikampata, akafariki tarehe 5 Desemba. Miaka yote nimevaa gauni na maski wodini nikiwa mbali, najua maana yake kuingia kwa mgonjwa wa namna ile, na huyu aliingia kila siku.

Nikapiga picha moja tu, jengo na kilima, nikaenda kupanda basi.

Mama nilimkuta amepika ndizi na maharage, hata mabegi sijashusha ananiuliza umefika? Nikampa simu. Akaiangalia sana ile picha, akaikuza kwa vidole, akasema kumbe ni ghorofa, baba yako alikuwa anatuambia mabati. Leo asubuhi kanituma studio nikaiprinti kubwa, anataka tuitundike sebuleni pembeni ya picha ya mzee.