Pole za nini?

Watu wakiniona nasukuma kiti changu cha magurudumu asubuhi huniambia, "Pole, pumzika." Jamani, kupumzika ndiko kunakoniponza! Tangu niumie uti wa mgongo, mabega ndiyo miguu yangu, kwa hiyo nayatunza: nasukuma magurudumu taratibu, kwa msukumo mrefu, kisha navuta mpira wa mazoezi kuelekea kifuani ili misuli ya nyuma ya bega ipate nguvu. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 nainama mbele, kifua juu ya mapaja, damu ipite makalioni. Jua likiwaka, najinyunyizia maji, maana chini ya jeraha mwili wangu hautoi jasho. Usiku nakagua ngozi kwa kioo kidogo. Nikikuta wekundu usioondoka, kiti nakipa likizo mpaka ngozi ipone.