Kitambi changu: futi, unga na mafuta ya kukaangia

Kitambi cha mwanamume hakiko pale unapokibana kwa vidole. Hayo ni mafuta ya chini ya ngozi. Yenye madhara zaidi yako ndani, nyuma ya misuli ya tumbo, yamezunguka utumbo. Ndiyo maana tumbo letu hukaza kama ngoma. Mwanamke huweka akiba mapajani na makalioni kwa sababu ya homoni ya estrojeni, naye akikoma hedhi huanza kuota kitambi kama sisi. Damu inayotoka kwenye mafuta hayo ya ndani huingia moja kwa moja kwenye ini, na ini likijaa mafuta, kisukari kiko mlangoni.

Nilianza na futi ya fundi cherehani, si mizani. Tafuta mbavu ya mwisho ubavuni, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hapo, sambamba na sakafu, bila kubana. Pumua nje kama kawaida, ndipo usome. Ukivuta tumbo ndani unajidanganya. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari imeanza, na zaidi ya 102 ni kubwa. Mimi nilisoma 104.

Unga ndio ulikuwa mwizi mkubwa. Ugali wangu wa usiku ulikula gramu 250, yaani kalori 900 kabla ya mboga. Nikashuka hadi gramu 100, nikajaza sahani osuga (mboga ya mnavu) na sukuma. Samaki sikumwacha, na Kisumu nani angemwacha? Nilimtoa tu kwenye karai la mafuta nikamchemsha kwa nyanya na kitunguu, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Bia ya nusu lita ina kama 200, tena ini huchoma pombe kwanza, mafuta ya chakula yakabaki kungoja na kuwekwa akiba. Nikaiacha.

Kutembea: dakika 40, siku tano kwa wiki, alfajiri, Nyalenda hadi Dunga kabla jua halijakaza. Sitapu, yaani kulala chali na kuinua kiwiliwili, hujenga misuli, lakini haziyeyushi mafuta yaliyo juu yake. Usipoteze miezi hapo.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Ukipunguza 500 kwa siku, hesabu kama wiki mbili kwa kilo, na usitarajie zaidi. Mwezi wa nne tangu nianze, futi ilikwama, na wengi hukata tamaa hapo. Mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo, kwa hiyo sahani iliyokupunguza mwanzoni sasa inakutosha tu. Niliondoa sukari kwenye chai, vijiko vitatu kila kikombe, nikaongeza siku ya sita ya kutembea. Ikasogea tena.

Mwezi wa kumi nilisoma 93. Sasa napima kila Jumapili kabla ya chai, na ikifika 95 narudi kupima unga kwa mizani ya jikoni.