Siku moja maishani mwangu: kazi yangu ni kuwa askari wa kiume wa mwaka 1867

Watu wakisikia naigiza historia kwenye ngome ya zamani ya jeshi huku Kansas, Marekani, wanadhani nacheza, yani navaa nguo za kale napigwa picha narudi nyumbani. Jamani hii ni kazi. Naigiza mwanamke aliyejifanya mwanaume akaingia jeshini, na ninayemfuata ni Cathay Williams. Ngoja niwapitishe Jumamosi yangu.

Saa 12 asubuhi naamka, chai, barabarani.

Saa 1 na nusu nipo chumba cha kubadilishia. Kifua nakifunga kwa kitambaa kirefu cha pamba, ukikikaza sana pumzi haishuki, ukikilegeza kinateremka ukianza tu kutembea. Juu yake shati, suruali ya sufu, koti la buluu la sufu lenye vifungo vya shaba mpaka shingoni, mkanda, kofia. Likishafungwa lile koti umbo lote linapotea, na hapo ndo penye jibu la nusu ya maswali ninayoulizwa kutwa, kwamba ilikuwaje asigundulike.

Saa 3 geti linafunguliwa. Wanafunzi, gwaride, picha, wanafunzi wengine.

Saa 5 hivi akaja mzee mmoja. Kanisikiliza dakika mbili akanikata mbele ya watu wote, haiwezekani, daktari wa jeshi angemuona. Nikamwambia mzee wangu, huyu alizaliwa utumwani Missouri, tarehe 15 Novemba 1866 akajiandikisha St. Louis kwa jina la William Cathay, na daktari akasaini kwamba anafaa, sasa kama alikaguliwa sawasawa angepitaje? Akatumwa Kikosi cha 38 cha askari wa miguu, askari weusi chini ya maofisa weupe, akaugua akalazwa zaidi ya mara moja na bado hawakujua. Binamu yake na rafiki yake walikuwa humohumo kikosini, walijua, wakanyamaza.

Mzee anatikisa kichwa tu. Basi huyo mmoja, anasema. Nikamtajia Dkt. James Barry wa jeshi la Uingereza, aliyeingia kazini 1813 akapanda vyeo mpaka kusimamia hospitali za jeshi, na mwaka 1826 kule Cape Town akampasua mama mjamzito, mama na mtoto wote wakapona. Alikuja kujulikana ana mwili wa kike akiwa keshakufa, 1865, aliyesema ni mama aliyeuandaa mwili. Maisha mazima ya kazi hayo mzee, sio wiki mbili.

Akaona hapo hapaingiliki akageuza, eti basi walikuwa wanafuata wanaume kambini. Hilo liliniuma, na bado linaniuma nikiandika hapa. Cathay mwenyewe alimwambia mwandishi wa gazeti la St. Louis mwaka 1876 kwamba alitaka kujipatia riziki yake asiwategemee ndugu wala marafiki. Alikuwa ametoka utumwani juzi tu, alitaka mshahara wake! Kwanini mwanaume akiingia jeshini kwa ajili ya mshahara hakuna anayeuliza alikuwa anamfuata nani? Nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida, akaondoka hajaaga.

Mchana sijui ulikuwa saa ngapi, jua limesimama, sufu imelowa jasho na ile bunduki ya maonyesho kila nikiinyanyua imeongeza uzito. Nikaeleza safari yao, kipindupindu kilivyopiga Fort Harker, ngome ya jeshi hukuhuku Kansas, kiangazi cha 1867, walivyotembea kwa miguu mpaka New Mexico. Mimi nazunguka uwanja mmoja tu na magoti yanalia, kisha jioni naingia kwenye gari. Wao walitembea siku hadi siku na yeye akiwa na siri yake kifuani.

Karibu na kufunga binti mmoja, labda wa miaka kumi, akaniuliza, dada, baadae walimlipa? Nikachuchumaa nikamwambia ukweli. Aliachishwa jeshi Oktoba 1868 kwa ugonjwa. Mwaka 1891 akaomba pensheni, daktari aliyetumwa kumpima akamkuta vidole vya miguu vimekatwa, na bado akaandika kwamba hana ulemavu. Wakamnyima. Yule binti alikasirika kwelikweli, mama yake akawa anamvuta mkono waondoke na yeye anaendelea kuuliza nani alisaini hiyo karatasi.

Jioni nikaenda kwa bosi nikiwa bado na koti mwilini, nikamuomba kipindi kizima cha hiyo pensheni. Kakubali. Tunaanza kesho saa 8 mchana.