Mgonjwa Anayelitafuta Jua

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno la wiki hii ni Yakobo 5:16: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa."

Katika majangwa ya Mojave na Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani na kuingia Meksiko, anaishi igwana wa jangwani. Ni mjusi wa rangi ya mchanga, mkia mrefu kuliko mwili. Jua la adhuhuri likiwafukuza mijusi wengine, yeye bado yuko nje anatafuna maua ya njano ya kreosoti, kichaka ambacho chini yake huchimba shimo lake. Mchanga ukizidi kuunguza, hupanda matawini au huzama shimoni. Chumvi iliyozidi mwilini huitoa puani, ikakauka ukoko mweupe. Muumba hakumtupa tu pale. Alimpa na njia.

Ila kilichonichoma ni kingine. Mjusi hawezi kujipandishia homa akiwa amelala; joto hulifuata lilipo. Igwana huyu akiugua, hujisogeza mwenyewe palipo na joto zaidi. Mwaka 1975 mtafiti Matthew Kluger na wenzake walichapisha matokeo ya igwana waliodungwa bakteria: waliowekwa kwenye joto la chini walikufa wengi, na waliokaa kwenye nyuzi 42 wengi wao walipona.

Mimi nilipougua rohoni nilikimbilia kivulini. Tangu tulipogawana shamba la marehemu baba, nilijua sehemu ya mdogo wangu imo ndani ya mpaka wangu. Nikaacha kuja ibada ya Jumatano, nikasingizia kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa mtu asije akaniuliza, "Mdogo wako hajambo?" Nikawa nasali peke yangu, sala fupi fupi za kulizunguka jambo. Nilipoa, lakini sikupona.

Jumatano iliyopita nilikuja. Mnakumbuka nilivyoshikilia kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, uso ukiniwaka. Mama mmoja akaniwekea kiganja mgongoni, hakusema neno, hakukiondoa mpaka nilipomaliza kusema yote.

Jana nimempigia mdogo wangu, hakupokea. Kesho napanda basi la alfajiri kumfuata, na hati ya shamba nimeshaiweka begini. Niombeeni.