Nimehamia Maban, nimekuja kufundisha walimu

Kwa wale mlionitafuta kwenye simu mkanikosa, niko Maban, Sudan Kusini, jimbo la Upper Nile, juu kabisa karibu na mpaka wa Sudan, na mtandao huku ukipatikana unashukuru Mungu unaharakisha kutuma meseji kabla haujakata. Nimekuja kujitolea na JRS, lile shirika la kuhudumia wakimbizi la Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki. Kazi yangu ni kuwanoa walimu wa shule za msingi za kambini, yaani sifundishi watoto moja kwa moja, nawafundisha wanaowafundisha.

Swali ambalo kila mtu aliniuliza kabla sijaondoka ni mshahara shilingi ngapi. Mshahara hakuna. Kuna pa kulala, chakula, nauli na hela kidogo ya kujikimu basi. Na mimi ni mwalimu kama walimu wengine wengi tuliomaliza chuo tukabaki kusubiri majina ya ajira yatoke, huku tunashika vipindi shule za binafsi kwa mkataba wa mdomo, kwa hiyo kaka yangu aliposema naenda kupoteza miaka yangu nilimwelewa kabisa, ana haki ya kusema vile, ndo aliyenisomesha yule.

Ila sisi tuliokulia Mbinga na Songea, kusini mwa Tanzania, tunajua maana ya mtu kutoka kwao akaja kufundisha kwa watu asiowajua. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Peramiho karibu na Songea mwaka 1898 wakitokea Ujerumani, na hospitali ile, shule zile, ufundi ule, mpaka leo tunakula matunda yake, bibi yangu mzaa mama alijulia kusoma kwa masista. Maisha yangu yote nimekuwa upande wa kupokea. Nilikuwa nawaza kanisani siku za kuchangia misioni, hivi zamu yetu ya kwenda inaanza lini, maana sadaka tunatoa lakini watu hatutoi sana, na Sudan Kusini sio mbali tena jamani, wako Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016.

Mama yeye hakuuliza mshahara, aliuliza vita. "Mwanangu huko si ndo wanakopigana?" Sikumficha, nikamwambia vita kubwa ilianza 2013, wakasaini mkataba 2018, na bado kuna sehemu hali sio nzuri, na shirika lina taratibu zake za usalama na tukiambiwa tuondoke tunaondoka. Akakaa kimya mchana kutwa. Jioni akaniita chumbani akaniwekea mkono kichwani akasali, akamaliza akasema "Nenda mama, Mungu akutangulie, ila unipigie." Bila hiyo baraka nisingepanda gari, nasema ukweli.

JRS ilianzishwa 1980 na padre Pedro Arrupe, alikuwa mkuu wa Wajesuiti duniani. Huyu mzee alikuwa Hiroshima siku bomu linadondoka 1945, alikuwa amesomea udaktari kabla ya kuingia utawani, akageuza nyumba ya malezi ya watawa vijana kuwa hospitali ya majeruhi. Miaka ikaenda, akaona Wavietnam wanakufa baharini kwenye maboti wakikimbia nchi yao, akasema hapana, lazima tufanye kitu. Niliposoma hayo ndo nikajaza fomu.

Safari ilikuwa Dar, Nairobi, Juba, halafu kandege ka Umoja wa Mataifa mpaka Bunj, ndo mji wa Maban. Barabara ipo, lakini udongo wa huku ni ule mweusi mfinyanzi, mvua ikishanyesha hakuna lori linalopita, na mvua yenyewe ni miezi kibao, kwa hiyo chakula na vitabu lazima viingie kiangazi au vije kwa ndege. Chini ni tambarare tu, nyasi na maji, hakuna hata kilima kimoja, kwa mtu wa Umatengo, kwetu milimani Mbinga, macho yanatafuta mlima yanakosa.

Kambi ziko nne: Doro, Batil, Gendrassa na Kaya. Watu wengi ni wa jimbo la Blue Nile huko Sudan, walivuka vita ilipolipuka Septemba 2011, na tangu 2023 Sudan yenyewe ilipowaka wengine wanaendelea kuja. Kuna kabila linaitwa Uduk, hawa historia yao imenitoa machozi. Walikimbia miaka ya 80, wakazungushwa huku na kule mpaka wakatua kambi ya Bonga Ethiopia miaka ya 90, mkataba wa amani wa Sudan wa 2005 ukaja wakarudi kwao wakajenga, 2011 wakakimbia tena. Kuna mwalimu darasani kwangu mtu mzima, herufi alizijulia Bonga, leo anafundisha darasa la kwanza Doro, watoto wamejaa mpaka mlangoni wengine chini kwenye vumbi, kwa posho ambayo hata kuitaja naona aibu kwa niaba ya dunia. Huyo ndo anayejitolea. Mimi nimekuja kumsaidia.

Mnaouliza kama nafundisha dini: hapana. Sisi asubuhi tunasali, Jumapili misa, lakini kambini Waislamu ni wengi sana, adhana naisikia alfajiri, na shuleni hakuna anayeulizwa anasali wapi.

Sasa kilichonikuta darasani. Wengi wa walimu hawa shule walisoma kwa Kiarabu, mitaala ya Khartoum, sasa wanafundisha mitaala ya Sudan Kusini ambayo ni Kiingereza, na nyumbani mtoto anaongea Kiuduk au Kiingessana. Nikawaomba waelezee maji yanavyopanda kuwa mawingu, somo la sayansi la kawaida kabisa. Kimya. Watu wanaangalia madaftari. Nikasema haya elezeni kwa lugha yoyote mnayotaka, na aisee darasa likalipuka, mmoja kasimama anaonyesha sufuria la asida, ugali wa huku, linavyotoa mvuke, mwingine anabisha, wanachekana, wanachora ubaoni. Wanajua! Walikuwa wanajua muda wote.

Nikajiona mwenyewe kidato cha kwanza. Miaka saba umesoma kwa Kiswahili, Januari unaingia sekondari baiolojia inakuja kwa Kiingereza, na ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni kama adhabu. Watoto waliokuwa wanaongoza hesabu shule ya msingi niliwaona wakinyamaza mmoja mmoja mpaka wakaacha shule, na hawakuwa wajinga hata kidogo. Kwa hiyo hapa nimekataa kibao. Tunaelezana kwanza kwa lugha ya mdomoni, tukishaelewana ndo maneno ya Kiingereza yanapanda ubaoni na mchoro pembeni, mtoto anaandika kitu ambacho tayari anakijua.

Yule mwalimu wa Bonga akaninyooshea kidole, akasema "Mwalimu, mtihani unakuja kwa Kiingereza, haujui Kiuduk." Yuko sahihi na hilo linaninyima usingizi. Muda wa Kiingereza lazima upatikane na uwe wa kutosha, siwezi kuwapa watoto furaha ya leo halafu mtihani uwaangushe. Tumekubaliana Jumatatu kila mmoja aje na somo moja la darasa la nne ameligawa sehemu mbili, tulipime mbele ya wenzake, tuone dakika zinatosha au hazitoshi.

Walimu wenzangu mliofundisha ile kozi ya Kiingereza ya wiki za mwanzo kidato cha kwanza, nitumieni notsi zenu, hasa michezo na chati mlizotumia kwa madarasa makubwa. Pigeni picha tu, msitume mafaili mazito huku hayafunguki.