Nilivyofikisha data salama kwa waya wa mita 600

Kazi ilionekana nyepesi: kihisi cha kina cha maji kiko kwenye tangi, kompyuta iko mita 600 kutoka hapo, na kati yao kuna kebo iliyokwisha fukiwa ardhini. Namba zilikuwa zikifika, ila nyingine za ajabu. Tangi lilijaa na kukauka ndani ya sekunde moja.

Mfumo uliokuwapo ni RS-485, kiwango cha kupitisha data kwenye nyaya, na huo ulikuwa chaguo sahihi. RS-232, kiwango kingine cha zamani zaidi, ni ya mita 15 hivi; hupima volti ya waya mmoja dhidi ya ardhi, na kwa umbali kama ule volti ya ardhi ya huku na ya kule hailingani. RS-485 hutumia nyaya mbili zilizosokotwa, na mpokeaji huangalia tofauti ya volti kati ya nyaya hizo tu: ikizidi volti 0.2 upande mmoja ni 1, ikizidi upande wa pili ni 0. Kelele ya umeme ya mota huzipanda nyaya zote mbili karibu sawa, hivyo tofauti haiguswi sana.

Nikachomeka oskiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, upande wa kompyuta. Vitabuni mawimbi ya dijitali huchorwa kama miraba yenye kona kali. Mimi niliona ngazi ngazi na mabega. Waya haujui moja wala sifuri. Hubeba volti inayopanda na kushuka, na anayeamua ni mpokeaji, kwa kawaida katikati ya kila biti, yaani kila moja au sifuri.

Zile ngazi ndizo zilizonipa jibu. Katika kebo ya namna hii wimbi huenda mita moja kwa nanosekunde 5 hivi, kwa hiyo mita 600 ni mikrosekunde 3, kwenda na kurudi 6. Likifika mwisho wa waya usio na kitu cha kulimeza, hurudi kama mwangwi. Kasi niliyoikuta ilikuwa biti 115,200 kwa sekunde, yaani kila biti hudumu mikrosekunde 8.7 tu. Mwangwi wa pili, unaofika baada ya mikrosekunde 12, unaiangukia biti inayofuata karibu na katikati, palepale pa uamuzi.

Nilifunga resista ya ohm 120 kila mwisho wa kebo ili ilimeze wimbi. Ngazi zikatoweka. Kona zilibaki za mviringo, maana waya mrefu hudhoofisha mabadiliko ya haraka ya volti (masafa ya juu) kuliko ya polepole, na makosa machache yakaendelea. Hapo nikashusha kasi hadi 9,600. Mwenzangu alinuna, kama kwamba kushusha kasi ni kushindwa! Lakini biti sasa ilidumu mikrosekunde 104, mwangwi wowote uliosalia unakufa mapema, na jibu la kihisi, baiti 9 (baiti ni kundi la biti nane), bado linamalizika ndani ya milisekunde 10. Maji ya tangi hayana haraka hiyo.

Kulikuwa na jambo lingine lililonishangaza zaidi. Baiti mbili za mwisho za kila jibu ni CRC, hesabu ya kukagua kama zile nyingine zimefika nzima, na programu ya kompyuta ilikuwa ikizitupa bila kuzisoma. Nikaiandika upya sehemu hiyo: hesabu isipolingana, jibu linakataliwa na kompyuta inamuuliza kihisi tena. Niliweka pia kihesabu cha majibu yanayokataliwa. Bado huongezeka kidogo pampu kubwa inapowashwa, lakini namba za ajabu hazionekani tena kwenye grafu.